Kwa Nini Dawa ya Kifua Kikuu Hunywewa Miezi Sita

Fikirini chumba kimoja cha kupanga huko Tandale, Dar es Salaam. Baba, mama na watoto hulala humo, na baba ana kifua kikuu. Amekunywa dawa miezi miwili. Kikohozi kimekoma, mwili umerudi, naye ataka kurudi sokoni kupakua magunia. Asema, "Nimepona, dawa za nini tena?" Je, mkewe amjibuje?

Jibu lilipatikana katika nchi zetu wenyewe. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoushinda ugonjwa huu, ilipatikana Marekani mwaka 1943 kutoka kwa kijidudu cha udongoni. Lakini ilipotolewa peke yake, vijidudu vichache visivyodhurika nayo vilibaki vikazaana. Ndipo dawa zikachanganywa, na matibabu yakachukua mwaka mmoja na nusu.

Mwaka 1972 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kundi moja la wagonjwa lilipewa streptomaisini na isoniazidi kwa miezi sita. Kundi jingine liliongezewa rifampisini. Miezi hiyo ilipokwisha, makohozi ya karibu wote yalikuwa safi. Lakini baadaye, katika kundi la kwanza, watu kama 29 katika 100 waliugua tena. Katika kundi la rifampisini, kama 3 tu.

Tofauti hiyo yatufundisha nini? Wataalamu waliielewa hivi: vijidudu vya mwili mmoja havina hali moja. Vingi huzaana upesi, navyo hufa mapema. Vichache husinzia, kama mbegu kavu zingojazo mvua. Dawa nyingine hazividhuru vikiwa vimelala, bali rifampisini huviwahi mara viamkapo. Maisha hayo ya siri yalijulikana kwa kutazama ni dawa ipi iliyaweza.

Basi mke na amjibu mumewe, "Baba watoto, vilivyokufa ni vile vilivyokuwa macho, vilivyolala vingali kifuani mwako. Ukiacha leo, vitaamka, nao watoto hawa wanalala karibu nawe."

Siku hizi kifua kikuu cha kawaida hutibiwa nchini Tanzania kwa dawa nne miezi miwili, kisha mbili miezi minne, nazo hutolewa bure. Walimu, wafundisheni wanafunzi jambo hili, ili walipeleke nyumbani: kukoma kwa kikohozi si mwisho wa ugonjwa.