Kijana Anajua Kanuni, Lakini Ataamuaje?

"Ile hela itume kwenye namba hii." Mwanafunzi wa kidato cha pili pale Mailimoja, Kibaha, akiiona meseji hiyo huicheka na kuifuta. Lakini rafiki yake wa darasani akimwandikia usiku, "Nimekosea, namba sita za WhatsApp zimeingia kwako, nitumie haraka", je, atazituma? Akizituma, akaunti yake imekwenda, na tapeli ataanza kuwaomba pesa shangazi na wajomba zake kwa jina lake.

Kupima busara ya kijana mtandaoni kunaanzia hapo. Ukimwuliza kama ni sawa kugawa nywila, atakujibu sawasawa kama anavyojibu swali la Uraia. Hapo umepima kumbukumbu tu. Mwekee kisa chenye haraka, urafiki na tamaa, kisha umwulize angefanya nini na kwa sababu gani. Meseji halali nazo zichanganywe na za kitapeli. Zikiwa za kitapeli zote, mwenye kuogopa kila kitu atapata alama zote bila kupambanua chochote.

Urafiki katika kisa hicho una sababu. Utafiti wa Disrupting Harm, uliotolewa mwaka 2022 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF, ulihoji watoto wa Tanzania wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti. Asilimia 4 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono unaohusisha mtandao katika mwaka mmoja, makadirio ya watoto 200,000 hivi nchi nzima. Mara nyingi mhusika alikuwa mtu ambaye mtoto anamfahamu. Onyo la "usiongee na usiowajua" halitoshi hata kidogo.

Katika shule za bweni kama Kibaha Sekondari, au Minaki kule Kisarawe, simu haziruhusiwi. Inaeleweka. Ila likizo ikifika kijana huishika usiku kucha, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza picha za ngono za mtoto, hata kama msambazaji alidhani anataniana na wenzake.

Kipimo hiki cha visa hakihitaji kompyuta. Karatasi na mwalimu anayesikiliza vinatosha. Walimu wa Kibaha na Kisarawe wakifanye kabla shule hazijafungwa. Nanyi wazazi, mfundisheni mtoto namba mbili: 15040 ya kuripoti matapeli, na 116 ya kuomba msaada akidhulumiwa.