Njaa Inayosahaulika Katika Habari ya Mwana Mpotevu

Mkristo aliyekulia kanisani huweza kusimulia habari ya mwana mpotevu bila kufungua kitabu. Ugumu wa kuisoma upya huanzia hapo: macho yako kwenye ukurasa, lakini kinachosomwa ni mahubiri aliyoyasikia tangu utotoni.

Mark Allan Powell, mtaalamu wa Agano Jipya kutoka Marekani, alilichunguza jambo hilo kwa njia rahisi. Aliwaomba Wamarekani 100 wasome mfano huo katika Luka 15, wafunge kitabu, kisha wausimulie. Wote walikumbuka kwamba kijana alitapanya mali. Ni 6 tu waliotaja njaa kubwa iliyoipiga nchi ile. Huko St. Petersburg, Urusi, kati ya watu 50, waliotaja njaa walikuwa 42. Si ajabu: mji huo, ulipoitwa Leningrad, ulizingirwa na majeshi ya Ujerumani kuanzia 1941 hadi 1944, na mamia ya maelfu ya wakazi wake walikufa kwa njaa.

Nchini Tanzania, Powell aliuliza kwa nini kijana yule aliishia kulisha nguruwe akiwa na njaa. Wengi walijibu kwamba hakuna aliyempa chakula. Kwao, lawama iliwaangukia wenyeji waliomwacha mgeni ateseke.

Kutapanya mali, njaa na kunyimwa chakula: yote matatu yamo katika Luka 15, aya za 13, 14 na 16.

Kwa hiyo msomaji hahitaji kusaka maana zilizofichika. Yaliyo wazi hayajaisha. Aya ya 12 inasema baba aliwagawia wanawe wote wawili. Basi kaka mkubwa, anayelalamika baadaye kwamba hakupewa hata mwana-mbuzi, alikwisha kupata fungu lake, na kwa Kumbukumbu la Torati 21:17 fungu la mzaliwa wa kwanza lilikuwa maradufu. Tena, katika aya ya 19 mdogo anapanga kuomba afanywe kibarua. Anapofika, aya ya 21, anaungama kosa lake, lakini ombi la ukibarua halisikiki. Baba ameshaagiza vazi, pete na viatu.

Anayetaka kujaribu achukue karatasi, aandike habari hii yote kwa kumbukumbu, ndipo afungue Luka 15 na kulinganisha aya kwa aya. Aanze na yale aliyoyaruka.