Kutoka Kusimulia hadi Kujenga Hoja: Insha ya Kitaaluma kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Ikisiri
Makala haya yanafafanua tofauti kati ya insha ya sekondari na insha ya kitaaluma. Kwa mfano wa riwaya ya Aniceti Kitereza, yanaonesha kuwa kinachomkwamisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza si upungufu wa Kiswahili, bali ni mazoea ya kusimulia pale anapotakiwa kujenga hoja.

1.0 Utangulizi
Mwanafunzi anayeanza kusoma Kiswahili katika chuo kikuu jijini Mwanza huwa amekwisha kuandika insha nyingi. Shuleni amezoea kuhakiki kazi ya fasihi kwa vipengele vya fani na maudhui: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, dhamira, ujumbe na kadhalika. Utaratibu huo una manufaa, kwa kuwa humfundisha kuitazama kazi pande zote. Tatizo huanza anapoufanya kuwa jibu la kila swali.

2.0 Swali Linadai Nini?
Tuchukue swali hili: “Jadili nafasi ya ukosefu wa watoto katika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.” Kitereza, mwenyeji wa Ukerewe mkoani Mwanza, aliikamilisha riwaya hiyo kwa Kikerewe mwaka 1945, tafsiri ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1980. Aghalabu majibu huanza na wasifu wa mwandishi, yakafuata muhtasari wa kisa, kisha orodha ya dhamira. Yote hayo yaweza kuwa sahihi, na bado swali likabaki bila jibu. Kitenzi “eleza” huridhika na maelezo. “Jadili” hudai msimamo unaopimwa kwa ushahidi.

3.0 Kutoka Kisa hadi Hoja
Tulinganishe kauli mbili. Ya kwanza: “Bugonoka alichukuliwa na wazazi wake kwa sababu ya masimango ya kukosa mtoto.” Ya pili: “Katika riwaya hii, ukosefu wa watoto ni mgogoro wa koo mbili kabla ya kuwa maradhi ya mtu mmoja.” Ya kwanza inasimulia tu, ya pili yaweza kupingwa, na ndiyo maana inastahili kutetewa. Ushahidi wake umo katika mfuatano wa matukio: kabla ya tiba, Myombekere anawaendea wakwe zake kutafuta suluhu, naye anatozwa pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mke. Kila aya na ichukue tukio moja la namna hiyo, ilitajie ukurasa, kisha ieleze linathibitisha nini.

Pingamizi nalo lisifichwe. Msomaji atauliza: je, mtoto hakupatikana kwa msaada wa mganga? Mwanafunzi hana budi kulijibu, pengine kwa kuonesha kuwa tiba ya wawili isingewezekana bila suluhu iliyowaunganisha tena.

4.0 Maarifa ya Nyumbani
Mwanafunzi aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria huja na maarifa yasiyopatikana kwa urahisi maktabani: adabu ya mtu mbele ya mkwewe, uzito wa pombe katika mapatano, msamiati wa uvuvi na kilimo. Wapo wanaoyaacha mlangoni, wakidhani elimu ya chuo ni ya vitabuni pekee. Wapo pia wanaoandika “kwetu ndivyo ilivyo” na kuona wamethibitisha. Makosa yote mawili yana dawa moja: maarifa ya nyumbani yazae swali, matini itoe ushahidi. Anayejua Kikerewe, kwa mfano, anaweza kuhoji uteuzi wa neno fulani. Lakini sharti abainishe kuwa anachonukuu ni matini ya Kiswahili, wala si mswada wa Kikerewe.

5.0 Hitimisho
Kabla ya kuandika, mwanafunzi na aiweke hoja yake katika sentensi moja. Akishindwa, arejee kwenye matini, si kwenye utangulizi wa insha. Anaposoma, atenganishe katika daftari lake maneno ya mwandishi na maneno yake mwenyewe, kwa kuwa wizi wa kitaaluma mara nyingi huanzia kwenye daftari lisilo na alama za kunukuu. Sisi wahadhiri nasi tuna wajibu: pale tunapoandika “hakuna hoja” pambizoni, tumwoneshe ni sentensi ipi ingeweza kuwa hoja.