Almasi ya Dada Haikuibiwa, Imekaa Jirani na Nyeupe Kuliko Yenyewe

Dada yangu alinipigia simu kutoka Tarime mjini akiwa anakaribia kulia. "Mdogo wangu, fundi kanibadilishia jiwe." Pete yake ya ndoa, ambayo shemeji aliinunua kwa kujinyima miaka miwili, ina almasi moja katikati ya nusu karati na vijiwe sita pembeni, vitatu kila upande. Vijiwe viwili vilidondoka, akaipeleka kwa sonara. Iliporudi, jiwe la katikati lilikuwa na unjano ambao anaapa hakuwahi kuuona. Shemeji alishataka kwenda polisi.

Ukisikia hivyo, hata wewe msomaji ungemshuku fundi. Mimi nilimshuku. Ila nasomea fizikia ya mwanga, nikaona nisafiri nikaiangalie kwanza.

Tuanze na unjano wenyewe. Almasi ni kaboni tupu, au karibu tupu. Wakati inajijenga huko chini, zaidi ya kilomita 150 kutoka tunapokanyaga, atomu chache za naitrojeni huingia na kukalia nafasi za kaboni. Naitrojeni hiyo hunyonya sehemu ya mwanga wa bluu, na mwanga mweupe ukipungukiwa bluu, kinachobaki kinaegemea njano. Wataalamu wa maabara ya GIA ya Marekani walitengeneza ngazi ya herufi, D mpaka Z: D haina rangi kabisa, Z ina njano ya wazi. (A, B na C ziliachwa kwa sababu mifumo ya zamani ilishazichezea sana.) Cheti cha dada kinasema J. Yaani jiwe lake lilikuwa na unjano kidogo tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeuona.

Kwa nini sasa uonekane? Kumbuka shati lako la shule. Mwezi wa kumi bado unaliona jeupe, hadi mwenzako aliyenunua jipya akae dawati moja na wewe. Shati halikubadilika asubuhi ile, jirani ndiye aliyebadilika. Macho yetu ni hodari sana wa kulinganisha na dhaifu sana wa kupima. Ukiweka kitu chenye unjano kidogo katikati ya vitu vyeupe pe, ubongo hauvioni "vyeupe na cheupe kidogo", unaona "vyeupe na cha njano".

Hapo nikamuuliza fundi aliweka mawe gani. Akasema, tena kwa fahari, kwamba hakupata mawili ya kufanana na yale manne yaliyobaki, basi akayatoa yote na kuweka sita mapya, meupe kuliko ya zamani, kwa bei ileile. Alidhani anamfanyia dada hisani!

Kuna jambo jingine linalofanya kazi hii kuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Rangi ya almasi inategemea pia mwanga umesafiri umbali gani ndani yake. Kwenye jiwe kubwa mwanga hupita njia ndefu na kunyonywa zaidi, kwenye kijiwe hupita njia fupi. Ndiyo maana kijiwe cha J huonekana cheupe kuliko jiwe kubwa la J. Sonara makini halinganishi herufi za kwenye karatasi tu. Huweka mawe pamoja, juu ya karatasi nyeupe, na kuyaangalia kwa macho. Huyageuza uso chini pia, kwa sababu kwa juu ule mmeto huficha rangi.

Na mwanga wa kuangalizia nao una ujanja. Baadhi ya almasi hung'aa bluu zikipigwa na mionzi ya urujuanimno, na jua la Tarime saa saba mchana linayo ya kutosha. Bluu hiyo hufunika unjano, halafu usiku chini ya balbu unjano unarudi. Kwa hiyo tuliiangalia pete kivulini, karibu na dirisha.

Kipimo nilichofanya hata wewe unaweza kukifanya. Nilichukua karatasi nyeupe, nikatoboa tundu la ukubwa wa jiwe la katikati, nikafunika vile vijiwe. Dada akainama, akakaa kimya. Unjano ulikuwa umepungua. Nikaondoa karatasi, ukarudi.

Shemeji hakuridhika, na kisayansi alikuwa sahihi: tundu lile linaonyesha kwamba jirani anachangia, halithibitishi kwamba jiwe ni lilelile. Basi tukaazima lenzi ya kukuza mara kumi kwa fundi huyohuyo. Kwenye ukingo wa jiwe kuna namba iliyochongwa kwa leza, nusu imejificha chini ya kucha ya pete. Tarakimu tulizoweza kuzisoma zililingana na za kwenye cheti.

Si kila pete hutaka mawe yafanane, lakini. Mwaka 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ya karati 54.5. Dk. John Williamson, Mkanada aliyeugundua mgodi huo mwaka 1940, alimzawadia Princess Elizabeth kwa harusi yake. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitengenezea bruchi yenye umbo la ua, ile ya waridi katikati na almasi nyeupe kwenye petali. Pale weupe umewekwa makusudi ili uwaridi upige kelele. Ni kanuni ileile iliyomponza dada, ila huko ilitumika kwa faida.

Sisi watu wa Tarime tuna dhahabu ya Nyamongo, na dhahabu ya njano ingemsaidia: kucha za njano hutupa rangi yake ndani ya jiwe, na J hukaa humo kwa amani. Pete ya dada ni ya dhahabu nyeupe.

Dada alimwomba fundi radhi, kisha akaomba arudishiwe vijiwe vyenye unjano kidogo. Fundi akacheka, akasema hivyo itabidi aviagize Mwanza na vitachukua muda, maana kila mteja anayeingia dukani kwake anataka nyeupe.