SAMAKI WANAOZAA MADUME TUPU



Sisi tunaopasua sangara viwandani kando ya Ziwa Victoria twajua kwamba samaki huyu ni mgeni. Aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwani, na aina nyingi za furu walizokula wazee wetu zikatoweka. Lakini minofu yake huuzwa Ulaya, na mshahara wetu unatoka humo.

Samaki mgeni akishazoea maji, nyavu peke yake hazimwondoi. Huko Marekani wanajaribu kumwondoa kwa njia ya uzazi wake mwenyewe.

Katika jimbo la Idaho, upande wa magharibi, watu walipandikiza trauti wa vijito kutoka mashariki. Wageni hao wakawasonga trauti wenyeji. Kwa samaki hawa, kama kwa binadamu, jike ana alama mbili za urithi ziitwazo X, na dume ana X na Y. Wataalamu wa serikali ya jimbo waliwalisha madume wachanga homoni ya kike, wakakua wakitaga mayai. Mayai hayo yakirutubishwa na dume wa kawaida, mtoto mmoja katika kila wanne hutoka na Y mbili. Huyo hana X ya kurithisha, kwa hiyo watoto wake wote ni madume.

Mwaka 2014 walianza kuwaachia katika vijito vya majaribio. Hapo kazi ni mbili: kuwavua wageni waliomo, na kuongeza madume hao kila mara. Majike wakizidi kupungua, mwisho hakuna wa kutaga.

Njia hii inaweza kusimamishwa. Wakiacha kuwaongeza madume hao na majike wakiwa wamebaki, samaki watazaliana kama zamani. Lakini wataalamu wanachunguza pia njia ya kubadili urithi wenyewe, ili badiliko lijieneze kizazi hadi kizazi. Hiyo ikishatoka mkononi, kuirudisha ni kazi kubwa.

Ndugu zetu, kijito cha Idaho hakina kiwanda kinachokitegemea. Ziwa letu linavyo vingi. Samaki wakiadimika, anayeambiwa kwanza arudi nyumbani ni kibarua.

Hatuipingi elimu. Furu wakirudi, kitoweo cha wanakijiji kitarudi. Lakini sangara alipoletwa, sisi na baba zetu hatukuulizwa. Siku mtu atakapokuja na mpango wa kumwondoa, kila tawi, Kenya, Uganda na Tanzania, liulize: Je, mpango huu unaweza kusimamishwa? Nani atamlipa kibarua wakati samaki wanapungua? Na mfanyakazi atakaa katika kikao gani?

Samaki hajui mpaka. Na sisi tusigawanywe na mpaka.

Umoja ni nguvu.