Fahamu: Kujichapishia kitabu cha kwanza cha hadithi za mapenzi

Miaka ya 1980, riwaya pendwa nyingi zilizouzwa mitaani Dar es Salaam zilitolewa na waandishi wenyewe. Njia hiyo bado iko wazi, na kwa hadithi fupi za mapenzi ndiyo iliyo karibu zaidi, maana wachapishaji wetu wengi hutegemea vitabu vya shule.

Hakimiliki huanza pale tu unapoandika. Kwa sheria ya Tanzania ya 1999 hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kuisajili kwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hukupa ushahidi ukiibiwa kazi. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na toleo la karatasi na la kielektroniki kila moja lina namba yake.

Fedha za kwanza mpe mhariri. Hadithi kumi zinazoanza kwa macho kukutana na kuishia harusini humchosha msomaji, na marafiki wanaokupenda hawatakuambia hivyo.

Chapa nakala chache. Maduka hutaka punguzo na mara nyingi hulipa baada ya kuuza, basi bei ya jalada ibebe gharama hizo. Wala usisaini mkataba wa uchapaji unaokunyang'anya hakimiliki.