Usifute lami kwa petroli, utafuta na bei ya gari

WAFANYABIASHARA wanaosafirisha vitunguu swaumu kutoka Mbulu, na wale wanaobeba nafaka na mifugo kutoka Hanang, wamezoea kuhesabu gharama za mafuta, matairi na spea. Gharama moja huwa haimo katika daftari, nayo ni rangi ya gari. Gari lenye injini nzuri likipelekwa kuuzwa na madoa meusi chini ya milango na mabaka yaliyofifia kwenye madigadi, mnunuzi huanza kupunguza bei kabla hata boneti haijafunguliwa.

Kwa miaka mingi adui wa rangi katika wilaya hizo mbili alikuwa vumbi na tope. Hali ilibadilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, barabara ya Singida–Katesh–Babati–Minjingu, yenye urefu wa kilomita zipatazo 223, ilipojengwa kwa kiwango cha lami. Katika miaka ya 2020 kazi za lami ziliingia pia upande wa Mbulu, kikiwamo kipande cha kilomita 25 cha Mbulu–Garbabi katika njia ya kwenda Haydom. Lami hufupisha safari na kuokoa springi. Hata hivyo, wakati wa ujenzi na wa kuziba viraka, anayepita huondoka na matone yake mlangoni.

LAMI INAVYONASA

Lami ya barabara za leo hutokana na mafuta ghafi. Kabla ya kuweka tabaka la juu, mkandarasi hunyunyizia kifusi lami nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa ili izame vizuri. Tairi likipita hapo kabla haijakauka huokota matone na kuyarusha kwenye madigadi, sehemu ya chini ya milango na bampa la nyuma.

Asubuhi ya baridi ya Mbulu tone hilo huwa gumu kama kokoto. Mchana mambo hugeuka. Lami ya kawaida huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 45 hadi 50 za Sentigredi hivi, na bati la gari jeusi lililoegeshwa juani hupita joto hilo. Ikilainika, mafuta yake hupenya ndani ya rangi. Ndiyo sababu gari jeupe lililokaa na lami kwa wiki kadhaa hubaki na doa la kahawia hata baada ya lami yenyewe kutoka. Kuchelewa, kwa hiyo, ni hasara.

Alama za mpira ni jambo jingine. Hutokea gari linapokwaruzana na tairi au mpira wa gari jingine, hasa kwenye msongamano wa stendi na mnadani. Mara nyingi huo ni mpira uliobaki juu ya rangi, wala si rangi iliyotoka. Kipimo ni rahisi: pitisha ukucha juu ya alama. Usipokwama kwenye mfereji, kuna uwezekano mkubwa wa alama kufutika bila kumwita fundi rangi.

MAKOSA YANAYOGHARIMU

Petroli ndiyo hukimbiliwa kwanza kwa sababu huyeyusha lami haraka na hupatikana kila mahali. Ubaya wake ni wa aina tatu. Kwanza, mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo baridi ya Mbulu si kinga. Cheche ya betri au sigara ya jirani inatosha. Pili, hukauka kabla lami haijaachia, na kijana anayefuta hulazimika kusugua huku akiburuta mchanga juu ya rangi. Tatu, hulegeza rangi iliyopigwa mtaani kwa thina pekee bila hadina, na magari mengi ya mitumba yana angalau paneli moja ya namna hiyo.

Thina ni mbaya zaidi, kwani kazi yake ni kuyeyusha rangi. Mafuta ya breki nayo huila rangi kabisa. Kisu, wembe na stili wulu visitajwe. Ikumbukwe kuwa klia ya kiwandani, yaani tabaka linalong'aa juu ya rangi, huwa na unene wa takriban nusu ya sehemu moja ya kumi ya milimita, pungufu ya unywele wa binadamu. Ikishakwanguliwa hairudi kwa polishi.

NJIA SALAMA

Kazi ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa. Gari lioshwe kwanza kwa maji mengi na sabuni hadi mchanga wote utoke, kisha likaushwe. Anayeanza na kitambaa kikavu juu ya vumbi anapiga msasa.

Baada ya hapo jaribio lifanywe mahali pasipoonekana, kama vile ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa cheupe kilicholowanishwa mafuta ya taa au tapentaini kiwekwe hapo kwa nusu dakika. Kikitoka na rangi ya gari, au bati likinata, kazi isimame, kwani rangi hiyo ni ya thina. Gari la namna hiyo litumiwe mafuta ya kupikia pekee, ambayo hulainisha lami polepole bila kuigusa rangi.

Jaribio likipita, kitambaa laini chenye mafuta ya taa au tapentaini kiwekwe juu ya tone kwa dakika moja au mbili bila kusugua. Lami ikishalainika ifutwe taratibu kuelekea upande mmoja, kisha kitambaa kigeuzwe sehemu safi. Tone sugu lirudiwe mara tatu au nne, nguvu ya mkono isiongezwe. Mipira ya milango na plastiki zisizo na rangi zisiguswe, kwa kuwa mafuta huvimbisha mpira na kuacha doa kwenye plastiki.

Alama ya mpira hufutwa kwa tapentaini vivyo hivyo. Kivuli kikibaki, kompaundi laini kabisa ipakwe kwa kidole kilichofungwa kitambaa, sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Mwisho gari lioshwe tena kwa sabuni ili utando wa mafuta uondoke, kisha sehemu hiyo ipakwe nta, maana dawa iliyoondoa lami imeondoa na nta ya zamani. Gari lenye nta hunasa lami kidogo na huachia upesi.

Ingawa mafuta ya taa ni salama kuliko petroli, nayo huwaka. Moto ukae mbali, mikono ivae glovu, na vitambaa vilivyolowa visirundikwe ndani ya kibanda.

HESABU YA MWENYE MTAJI

Tuchukue mfano. Noah inayotarajiwa kuuzwa shilingi 12,000,000 ina lami kwenye paneli nne. Mnunuzi akipunguza asilimia tatu tu kwa ajili ya madoa, muuzaji amepoteza shilingi 360,000. Lita moja ya mafuta ya taa, ambayo bei yake kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, kopo dogo la nta na vitambaa vichache havifikii sehemu ya kumi ya fedha hizo. Lakini paneli hizo zikiunguzwa kwa thina, fundi atazipiga upya, na mnunuzi makini atauliza gari lilipata ajali gani.

Kwa mwenye kituo cha kuosha magari Katesh, Dongobesh au Mbulu mjini, kuondoa lami ni huduma ya kutozwa bei yake peke yake, kwa kuwa huchukua muda na ujuzi. Inafaa kukagua gari pamoja na mteja kabla ya kuanza na kuandika mikwaruzo iliyopo. Daftari hilo humlinda mwenye kituo siku ya ubishi.

Kadhalika, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Kituo kilichowekwa ukingoni mwa mto kwa kufuata maji ya bure kinaweza kufungwa, na mtaji ukazama nacho.

Kwa anayenunua, ushauri ni huu: gari litazamwe asubuhi, likiwa kavu, kwa kuinama hadi usawa wa milango. Madoa ya lami yasimtishe, yatatoka. Bali sehemu iliyofifia ghafla pembeni mwa rangi inayong'aa ni alama ya petroli au thina, na hapo ndipo pa kupunguzia bei.